Dalali wa Baba Mdogo

Baba yangu mdogo alitengeneza meno ya bandia maisha yake yote, na kazi hiyo ilimharibu kwa jambo moja: hakumwamini mtu anayecheka sana. Tukiwa tumekaa mlangoni, mwanamume akapita barabarani amekenua, yeye alikuwa akisema bila kuinua sauti, "Ya juu yote ni ya bandia. Ya chini ni yake, lakini hayafiki mbali." Alikuwa na ulimi wa wembe. Dharau yake ilikuwa pana mno, hata hakuna aliyeweza kuichukulia kuwa yake peke yake. Aliwadharau mafundi bomba, wauza viatu, wanaume wanaopaka nywele rangi, madaktari wa meno waliomletea kazi, na sisi wana wa kaka yake tuliosoma tukashindwa hata kupigilia msumari.

Nyumba yake ilikuwa nyembamba, ya ghorofa moja, imebanwa kati ya kinyozi na ghala la rangi. Chini ilikuwa karakana: meza ndefu, mashine ya kusugulia, mabeseni ya jasi, na rafu za taya za plasta zilizopangwa kama vitabu, kila moja imeandikwa kwa penseli jina la mwenye mdomo. Juu kulikuwa na vyumba viwili na jiko. Ngazi ya kupandia ilikuwa kali kama ya kupandia mnazi.

Mama mdogo alipofariki, baba mdogo akaacha kupanda ngazi. Alisema ni magoti. Dada yangu, binti yake wa pekee, ambaye ni mfamasia, alikuja kumtembelea akakuta godoro limekunjwa chini ya meza ya kazi, na mto umejaa unga wa jasi. Hakusema kitu siku hiyo. Alisema baadaye, siku baba mdogo alipojaribu kupanda akafuate koti, akiwa bado na beseni la jasi mbichi mikononi, akateleza na kukaa kitako katikati ya ngazi, jasi yote mapajani. Goti lilikuwa limemkamata, hakuweza kuinuka. Kufika kwetu, jasi ilikuwa imeshaganda na kumshika kwenye ngazi kama msumari. Ilibidi dada aikate ile suruali kwa mkasi wa kukatia bandeji, na mzee akasimama pale na chupi yake, anatutukana sisi na yule aliyejenga ngazi.

"Baba," dada alisema akimfunika shuka, "unahamia karibu na mimi. Chini. Mahali pasipo na hata kipandio kimoja."

Mzee alijifunga shuka kiunoni. Kisha akasema, "Basi iuzwe." Na kwa mtu aliyemjua, huko kulikuwa ni kulia.

Madalali hakuwataka. "Dalali," alisema, "ni mtu anayekula chakula alichopika mwenzake kwa sababu anajua njia ya kwenda jikoni. Kizuri chajiuza." Akachukua ubao, akaandika kwa mkono wake mwenyewe NYUMBA INAUZWA, akautundika mlangoni.

Wanunuzi hawakuja. Walikuja madalali. Mtaani kwetu kila asiye na kazi ni dalali, na wenye kazi ni madalali jioni. Kinyozi wa jirani alikuwa dalali. Mlinzi wa ghala la rangi alikuwa dalali. Kila mmoja aliapa kwamba ana mnunuzi mkononi, pesa taslimu, ana haraka, anasafiri. Mlinzi ndiye pekee aliyemleta mtu kweli. Yule mtu alizunguka karakana, akatazama rafu, akauliza kama taya nazo zinauzwa pamoja na nyumba. Baba mdogo akang'oa ubao.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia, mume wa dada. Shemeji anauza matairi ya magari, na ni mtu mwema. Nalitanguliza hilo kwa sababu mengine nitakayosema juu yake si mazuri. Ana ugonjwa wa vyeo. Fundi wake wa umeme anamwita Injinia, kinyozi wake anamwita Daktari, na mwenye duka akimuongezea sabuni ya bure anakuwa Mkurugenzi. Akamwambia baba mkwe wake, "Baba, hawa wa mtaani ni wababaishaji. Mimi nina mtaalamu. Ana vyeti."

Tulikwenda kumwona huyo mtaalamu, baba mdogo, shemeji na mimi. Dada alikuwa kazini. Ofisi ilikuwa juu ya duka la magodoro. Kulikuwa na kochi ambalo bado limevaa nailoni ya dukani, ukikaa linalia. Ukuta wote wa mbele ulikuwa vyeti, fremu za dhahabu kutoka darini hadi usawa wa kiti, na katikati picha yake akipeana mkono na mtu ambaye fremu ilikuwa imemkata kichwa. Mwenyewe alivaa koti jeusi katika joto lile, na kwenye ukosi wa koti beji ya dhahabu yenye ufunguo na tai aliyekunjua mabawa. Tulikuja kumwita Bwana Beji baadaye, tulipokuwa tumemchoka, lakini kwa kuwa sina hamu ya kumpa heshima yoyote nitamwita hivyo tangu sasa.

Alitupa kadi. Ilikuwa imekunjwa mara kadhaa, ukiifungua inarefuka kama kinanda cha mkono. Mshauri Mwandamizi Aliyeidhinishwa wa Makazi na Uwekezaji. Mwanachama wa Kudumu wa Jumuiya ya Wataalamu wa Mali. Mtunukiwa wa Nyota Tano. Baada ya jina zikafuata herufi kubwa zenye nukta, nyingi, utadhani alipomaliza kuandika jina lake kalamu ilipatwa na degedege.

"Hizi herufi zinasemaje?" baba mdogo akauliza.

"Ni za kimataifa, mzee wangu," alisema Bwana Beji, akicheka kwa meno yote.

Nilimtazama baba mdogo. Nilingoja aseme ya juu ni ya bandia. Lakini Bwana Beji alikuwa ameshafungua kompyuta, anasoma maelezo ya nyumba ambayo hajawahi kuiona, anatikisa kichwa kwa mshangao. "Mzee," akasema, "umeketi juu ya johari. Watu kama wewe mnadhulumiwa kwa kuwa hamjui thamani ya mlicho nacho." Kisha akataja bei.

Ilikuwa bei ya nyumba yenye bustani na maegesho ya magari. Mtoto mdogo angecheka. Baba mdogo hakucheka. Aliinua kidevu taratibu, akajinyoosha kwenye lile kochi linalolia, na nikaona uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa mtu aliyesubiri miaka mingi aambiwe anachokijua. Ndipo nilipoelewa kwamba mwenye dharau naye ana mlango wake wa nyuma. Kila sifa aliyowahi kupewa aliitemea mate, ila hii alivikwa kilemba cha ukoka naye akainamisha kichwa kikae vizuri.

"Kwa bei hiyo," alisema, "naona unajua kazi yako."

Akatia sahihi mkataba. Ulisema kwamba Bwana Beji peke yake ndiye mwenye haki ya kuiuza nyumba ile, na kwamba mzee hataruhusiwa kumpa mwingine wala kuiuza mwenyewe. Shemeji alipiga makofi.

Kuanzia wiki ile nyumba ikawa stendi. Watu walikuja asubuhi, wakaja mchana, wakiongozwa na msichana wa ofisini aliyekuwa na bahasha na kiatu kimoja kinachombana. Walipanda ngazi ile, wakafungua makabati, wakatazama kitanda cha marehemu mama mdogo, wakashuka. Hakuna aliyeuliza habari ya hati, hakuna aliyegonga ukuta kusikia kama ni imara. Walikuwa watu waliochoka, wengi wao wanawake na watoto, na walizungumza kwa sauti ya chini kama walio hospitalini.

"Wanunuzi wa ajabu," baba mdogo aliniambia. "Hakuna anayebishania bei."

Ilichukua muda, na aliyetufumbua macho alikuwa mwalimu wa chekechea. Alishuka akiwa amembeba mtoto mgongoni, akakaa kwenye kipandio cha mwisho, akaomba maji. Baba mdogo akampa. Akamwuliza, kwa jeuri yake ya kawaida, kama nyumba imemshinda bei.

"Bei ya kodi si mbaya, mzee," alisema yule mama. "Ila chumba nilichoambiwa kina mtu. Nguo zimo kabatini."

"Kodi ipi?"

"Ya chumba. Si mnapangisha chumba chumba? Nimelipia kuonyeshwa." Alikunywa maji akaendelea bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Na kwingine alikonipeleka yule bwana nililipia, nikakuta vilevile kuna watu. Sasa nimeshaishiwa."

Baba mdogo akapokea kikombe. Aliniangalia, akaangalia ngazi, akaangalia zile taya zake kwenye rafu kana kwamba mojawapo imezungumza. Nyumba yake haikuwa ikiuzwa. Ilikuwa chambo. Bwana Beji alikuwa akiwatangazia watu wanaotafuta pa kulala, anawatoza kila mmoja kwa kupanda ngazi ya mzee, na ile bei ya johari ilikuwa imewekwa juu makusudi ili nyumba isije ikauzwa na biashara ikafa.

Shemeji alipoambiwa, alisema, "Baba, labda huo ni mkakati wa soko."

"Mkakati," baba mdogo alisema. "Mwizi akivaa koti anaitwa mkakati."

Dada alikuja jioni ile. Yeye si mtu wa kelele. Alivua viatu, akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo sisi wote, pamoja na vyeti vyote vile mbele ya macho yetu, hatukuwa tumeliuliza. "Ana leseni?"

"Ana ukuta mzima," shemeji akasema.

"Sikuuliza ukuta. Mimi dukani kwangu nimetundika karatasi moja tu, ile ambayo wakininyang'anya nafunga duka. Anayo ya namna hiyo?"

Shemeji alikuwa na picha za ule ukuta kwenye simu yake, alizopiga kwa fahari siku ya sahihi. Tukaenda nazo, baba mdogo, dada na mimi, kwenye ofisi ya bodi inayosajili madalali.

Nilitegemea jengo la maana. Ilikuwa chumba chenye kaunta, feni na mwanamke mmoja aliyevaa sweta, anatafuna karanga moja moja kutoka kwenye karatasi. Alichukua simu, akazipitia zile picha kwa kidole, uso wake hautingishiki.

"Hiki," alisema, "ni cha semina. Kinasema alihudhuria. Hakisemi alielewa." Akasogeza. "Hiki ni cha uanachama wa jumuiya. Ukilipa ada unakuwa mwanachama, hata paka wako. Hiki cha Nyota Tano kimetolewa na kampuni... ngoja." Akakuza picha. "Kampuni yake mwenyewe. Amejitunuku."

"Na hizi herufi?" dada akauliza.

"Ni herufi." Alimeza karanga. "Mnatafuta kitu kimoja tu mama, leseni ya bodi, yenye namba, ya mwaka huu. Ili uipate unafanya mtihani, unachunguzwa kama umewahi kuhukumiwa kwa wizi, na unaweka dhamana ili ukimpotezea mtu mali yake kuwe na pa kumlipia." Akaingiza jina la Bwana Beji kwenye kompyuta. Akaingiza tena kwa tahajia nyingine, kwa ukarimu. "Hayupo. Hajawahi kuwapo."

Baba mdogo akaegemea kaunta. "Basi mfukuzeni. Mnyang'anyeni kazi."

"Mzee wangu, sisi tunamfukuza aliye ndani. Huyu hajawahi kuingia. Huyo ni wa polisi." Alitukunjia karatasi ya karanga, akaandika juu yake namba ya kituo. "Na mkataba huo usikunyime usingizi. Asiye na leseni hana udalali wa kudai kwa mtu. Mwonyesheni wakili, atawaambia hivyohivyo."

"Utupendekezee basi mmoja mzuri," dada alisema.

"Hatupendekezi. Sisi tunasema nani yupo na nani hayupo. Uzuri mtautafuta wenyewe."

Tulipotoka, dada alitaka twende polisi moja kwa moja. Baba mdogo akasema hapana, kwanza anataka kumwona yule mtu usoni. Nilijua anakwenda kuutumia ulimi wake, na sikatai, nilitamani kusikia.

Bwana Beji alitupokea kwa kicheko kilekile. Baba mdogo hakukaa. Alisimama mbele ya ule ukuta, akavitaja vyeti kimoja kimoja kama alivyofundishwa pale kaunta: hiki ulihudhuria, hiki ulilipia, hiki umejitunuku. Alimweleza habari ya yule mwalimu wa chekechea. Alizungumza polepole, na kila neno lilikuwa na makali. Yule msichana wa ofisini alisimama mlangoni na bahasha zake, na nina hakika alikuwa akisikia mambo haya kwa mara ya kwanza.

Bwana Beji alingoja amalize. Kisha akaacha kucheka.

"Nyani haoni kundule," alisema. "Mzee, na mimi nimekuulizia. Mkweo ana mdomo mpana. Umetengeneza meno ya nusu ya mji huu. Chuo gani? Mtihani gani? Cheti chako kiko wapi?"

Mimi nilikuwa najua, dada alikuwa anajua, familia nzima ilijua na hatukuwahi kulitamka. Baba mdogo hakuwa na cheti. Uso wake ulibadilika rangi.

"Ni kweli," alisema. "Sina. Ndiyo maana ukutani kwangu kuna saa na kalenda."

Akageuka akatoka. Nyuma yetu Bwana Beji alikuwa akisema kitu kuhusu kumchafulia mtu jina, lakini sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtu anayefukuza kuku.

Ungedhani baba mdogo alitoka pale mshindi. Hakutoka hivyo. Njia nzima hakumtukana mtu hata mmoja, na tulipita karibu na wengi waliostahili. Nyumbani alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akashika kipande cha nta, akakigeuzageuza mpaka kikalainika.

"Kasema kweli," aliniambia.

"Kaisema ili afiche uongo wake," dada akajibu kutoka kwenye ngazi.

"Kweli ni kweli, aiseme nani." Akaendelea kuibonyeza ile nta. Alisema alijifunzia kwenye meza ya daktari mmoja mzee, na serikali ilipoleta mtihani yeye alikuwa tayari mtu mzima mwenye mke na sifa, akaona aibu kukaa dawati moja na vijana. Akaahirisha, akaahirisha, mpaka ikawa jambo la kutozungumzwa. "Lakini hakuna seti yangu iliyokwenda mdomoni mwa mtu bila daktari kuipima na kutia sahihi yake. Ikimkwaruza mtu ufizi, anajua mlango wa kugonga, na daktari anajua wangu. Wamegonga sana. Nimesaga upya meno ya watu wasio na shukrani mpaka vidole vikafa ganzi."

"Na yule?" nikauliza.

"Yule hana mlango. Ana ukuta tu."

Dada alikwenda polisi na yule mwalimu wa chekechea. Shemeji alikwenda kuomba radhi kwa baba mkwe wake, akabeba tairi jipya kama zawadi, wakati baba mdogo hana gari. Lile tairi lilikaa karakanani likawa kiti cha wageni.

Sasa ilibidi apatikane dalali wa kweli, na hapa nataka nimkatishe tamaa yeyote anayedhani leseni ni dawa ya kila kitu. Wa kwanza tuliyemleta alikuwa nayo, ya mwaka ule, namba tuliihakiki kwa simu na yule mama wa karanga. Alikuwa mzee mnene mwenye adabu. Alikunywa chai, akasifu chai, akasema atapiga simu. Hakupiga. Baba mdogo alipompigia, yeye alikuwa amesahau ni nyumba ipi. Leseni halali, usingizi halali. Tukamshukuru, tukaendelea.

Wa pili alikuwa mwanamke mkavu, mwenye viatu vya raba na tepu ya kupimia iliyoning'inia kiunoni kama bastola. Hakusema hujambo ya maana. Alipima karakana, akapima ngazi, akapanda, akashuka, akanusa.

"Mbona hujaniuliza leseni?" akamwambia baba mdogo. "Wateja mna mambo. Mkinunua nyanya mnaziminya moja moja. Mkimpa mtu nyumba mnaona aibu kumuuliza yeye nani."

"Basi lete."

Aliitoa. Akampa pia namba za simu za watu aliowahi kuwauzia, akasema apige hapo hapo, yeye atakwenda kusimama nje. Baba mdogo akampigia mmoja, mwanamume mwenye kikohozi. "Yule mama?" ile sauti ikasema. "Ana mdomo mbaya sana. Alinigombeza mbele ya wanangu." Akakohoa. "Nyumba aliiuza. Kila kitu alichosema kitatokea kilitokea."

Baba mdogo akakata simu, na nikaona amevutiwa ingawa hakutaka.

Mama Tepu, kama tulivyokuja kumwita, alirudi ndani akataja bei. Ilikuwa chini sana ya ile ya Bwana Beji, na baba mdogo akawaka. Akasema mtaalamu mwingine alimwambia hii ni johari.

"Huyo mtaalamu amekuuzia?"

"Hapana."

"Basi bei yake ni ya hadithi. Nyumba yako ina ngazi ya kuvunja mtu shingo, jiko la kugeukia kwa zamu, na harufu ya meno."

"Kizuri chajiuza," baba mdogo alisema, akiwa amekaza taya.

"Kizuri kinachoonekana. Chako kimejificha nyuma ya midomo ya watu." Alionyesha zile rafu. "Hii si nyumba ya familia, mzee. Ndiyo makosa yenu. Mnawaonyesha watu vyumba vya kulala. Hii ni nyumba ya mtu mwenye kazi ya mikono, anayetaka meza ndefu chini, mwanga wa dirisha lile, na kitanda juu kwa magoti mazima. Huyo ndiye nitakayemtafuta. Taya zitoke zote. Lile tairi nalo litoke."

Waligombana kwa muda mrefu. Waligombana kuhusu bei, kuhusu rangi ya ukuta, kuhusu kama mtu mwenye akili anaweza kumwambia mjane wa kiume kwamba kitanda cha mkewe kinatisha wateja. Hilo la mwisho lilimuumiza, na yule mama aliona, akaikunja tepu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko yote aliyotumia tangu aingie, "Kitoe wewe mwenyewe. Usimwache mtu mwingine akitoe." Siku iliyofuata baba mdogo alipanda ngazi kwa mara ya kwanza tangu ile ajali, kipandio kwa kipandio, mimi nyuma yake. Alikifungua kitanda skrubu moja moja. Hakutaka nimsaidie. Alikaa juu mpaka alasiri.

Mama Tepu hakuleta misururu. Alileta watu wachache: fundi saa, mtengeneza viatu, na mshona mapazia mmoja aliyekuja na dada yake. Mshona mapazia hakupanda hata juu. Alisimama karakanani mbele ya dirisha, akanyoosha mikono kupima urefu wa meza, akauliza kama meza inabaki. Alibishania bei vizuri, kwa ukali, na baba mdogo akafurahi mpaka akasahau kununa. Walipokutana kwa wakili kutia sahihi, Mama Tepu alisoma kila ukurasa kwa sauti, akamlazimisha mzee arudie kwa maneno yake mwenyewe, naye akarudia kama mwanafunzi, akiwa na hasira.

Bwana Beji? Polisi walimchukua, wakakaa naye, wakamrudisha. Ofisi ya juu ya magodoro ilifungwa. Sasa ana nyingine upande wa pili wa mji, na walioiona wanasema vyeti vimeongezeka. Watu wa namna yake hawafi njaa, kwa sababu watu wa namna ya shemeji hawaishi kuzaliwa. Yule mwalimu wa chekechea hakurudishiwa kitu. Msichana wa bahasha aliacha kazi, akawa anauza vitambaa.

Baba mdogo anaishi chini, ng'ambo ya barabara kutoka kwa dada. Sakafu yake ni bapa kama sinia, na anaidharau. Anasema vigae vimewekwa na mtu mlevi. Shemeji alimtembelea majuzi akataka kujua yule mama dalali alikuwa na shahada gani.

"Sijui," baba mdogo alisema.

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza akinidhulumu nimshitaki wapi. Akanionyesha."

Shemeji alitafakari hilo kwa muda, akasema kwamba yule mama basi lazima ni Mwanasheria. Baba mdogo akamtazama, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akasogeza kiti chake karibu na dirisha na kuendelea kusugua ufizi wa bandia wa mtu fulani, kwa kuwa daktari alikuwa akiungoja.